Kiangazi cha Kina Gudgeon

Jumatatu, 7 Juni 1971

Leo mdogo wangu Desmond amemzika Mama mara ya pili, safari hii katika ukurasa wa kumi na moja wa gazeti, chini ya utabiri wa hali ya hewa.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi uliopita, na yeye alikuwepo. Alikuja kwa treni kutoka kusini na koti lake la bei mbaya, akala nyama baridi na pichi za kopo pamoja nasi, akaondoka kabla sijaosha vyombo. Nilidhani ana haraka. Kumbe alikuwa ameshapata alichokifuata.

Katuni yake inaitwa Kina Gudgeon. Mwaka huu inatimiza miaka ishirini ikitoka kila siku katika Mjumbe wa Asubuhi, na nchi nzima inamjua Sep Gudgeon, mchimba makaa ya mawe mvivu. Mkewe Bella, mwenye mikono ya bondia. Na Bibi Gudgeon, asiye na meno, anayeficha bia chini ya kitanda. Hapa Cawburn hatuhitaji kuambiwa ni akina nani. Sep ni mume wangu Matty. Bella ni mimi. Bibi ni Mama. Nimevumilia miaka yote hiyo kwa sababu Desmond ni ndugu yangu, na kwa sababu Mama mwenyewe alikuwa akizikata katuni na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati.

Leo kina Gudgeon wanamlaza kasuku wao aliyekufa ndani ya kopo la biskuti, tayari kwa mazishi. Mezani kuna nyama baridi. Kuna pichi.

Jumanne, 8 Juni

Sep Gudgeon analia kwenye stoo ya makaa kwa sababu baa imefungwa kwa heshima ya kasuku.

Matty alilia kwenye stoo ya makaa siku ile. Alijificha asionekane. Desmond ndiye aliyetumwa kwenda kumwita.

Jumatano, 9 Juni

Bibi Gudgeon anatafuta meno yake bandia nyumba nzima ili ambusu kasuku kwaheri.

Siku ya mwisho Mama aliniomba nimvalishe meno yake kabla mchungaji hajaingia. Hakutaka aonekane hana meno. Nilimvalisha. Yeye ndiye aliyekuwa ananituliza mimi. Nilimsimulia Desmond hili kwenye simu, kwa sababu nilidhani mtoto anastahili kujua mama yake alikufaje.

Dukani leo nimehudumia watu kuanzia saa tatu asubuhi na karibu kila mmoja amekuja akicheka. Hawana nia mbaya. Hawajui. Mzee Cuthbert Dodds, katibu wa klabu ya wafanyakazi, aliinamia kaunta akaniambia, "Nora, huyo mdogo wako ataniua! Meno ndani ya buli la chai!" Nikamfungia soksi zake, nikamshukuru.

Jumamosi, 12 Juni

Kasuku amezikwa. Mvua.

Jumapili, 13 Juni

Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni Desmond anapiga simu kwenye kibanda cha kona, na mimi nakwenda kupokea. Leo nilikwenda vilevile.

"Dada'ngu! Umeona? Watu wamenitumia magunia ya barua."

"Nimeona."

"Ile ya meno, eh? Mhariri alicheka mpaka akakaa chini."

"Ni Mama, Desmond."

Nikasikia akigeuza karatasi. Kisha akasema, "Ni kasuku, Nora. Usiwe mzito hivyo. Haya, nipe habari. Matty yuko salama? Nachora wiki tatu mbele, na mwezi wa saba sina kitu kabisa."

Alisema hivyo, kwa ulimi wake. Sina kitu kabisa. Nilitoka kwenye kibanda kile nikiwa nimeelewa jambo ambalo mtu mwenye akili angelielewa zamani: kila ninachomwambia Jumapili, baada ya wiki tatu kinatoka gazetini. Sijawahi kuwa dada yake anayepiga naye soga. Nimekuwa kisima chake.

Jumapili, 20 Juni

Nimemwambia Desmond kwamba Matty ameivisha sanamu ya kutishia ndege kofia ya kanisani ya Mama. Uongo mtupu. Kofia iko kabatini ndani ya karatasi laini.

Alicheka sana. Nilisikia kalamu.

Jumanne, 22 Juni

Mvua. Matty ameziwekea liki zake, vile vitunguu virefu vya shina jeupe, vikola vya kwanza, bomba za karatasi za kuzikinga na jua zibaki nyeupe. Kwa wiki nzima sijamsikia akizungumzia kitu kingine. Liki za mashindano si kama zile za sokoni. Hizi zinanenepa kama mkono wa mtoto mchanga, na wanaume wa hapa wanazilea vivyo hivyo. Tangu mapafu yamtoe mgodini, Matty hana kingine.

Jumatatu, 12 Julai

Imetoka. Sanamu ya kutishia ndege, kofia ya Bibi Gudgeon, na kunguru ametaga yai ndani yake.

Matty alicheka mpaka akakohoa. "Si mbaya, mpenzi. Amenichora mgongo ulionyooka."

"Unacheka nini? Anakufanya mjinga mbele ya nchi nzima."

"Mimi mjinga mbele yako tu, wengine wote walishazoea."

Nilimwacha na chai yake. Kuna watu ambao Mungu aliwanyima hasira, kisha akawaoza kwa watu kama mimi ili tubebe za wawili.

Lakini nimethibitisha. Kisima kinaweza kutiwa kitu.

Alhamisi, 15 Julai

Joto. Maji ya bomba yamekatazwa bustanini. Matty anabeba ya kufulia kwa ndoo.

Jumamosi, 24 Julai

Mzee Cuthbert amekuja dukani na habari ambayo alitaka niisikie wa kwanza. Klabu imemwandikia Desmond kumwomba awe mgeni rasmi wa maonyesho ya liki, Jumamosi ya tarehe 18 Septemba, akabidhi kombe, kwa kuwa ni miaka ishirini ya kina Gudgeon. Desmond amekubali. Mpiga picha wa gazeti atakuja naye.

"Mtoto wetu anarudi nyumbani," alisema mzee. "Unajisikiaje, Nora?"

Nikamwambia ukweli kabisa. Nikamwambia nimefurahi sana.

Jumapili, 25 Julai

Joto. Nimefikiria siku nzima.

Hapa Cawburn mtu anaweza kusamehewa kupiga, kulewa, hata kumkimbia mke. Vitu viwili havisamehewi: kwenda kazini wakati wa mgomo, na kuingia katika bustani ya mwenzako na kumkatia liki zake. Adhabu ya vyote viwili ni moja. Hupigwi wala hutukanwi. Hakuna anayesema nawe tena. Unaingia klabu na migongo inageuka; unauliza saa na hakuna mwenye saa. Nilipokuwa msichana nilimwona mzee mmoja aliyefanyiwa hivyo tangu mgomo mkubwa. Alikuwa anazungumza na farasi wa mkokoteni wa maziwa.

Desmond aliondoka hapa akiwa na miaka kumi na saba na hajawahi kushika jembe. Kwake liki ni kitu cha kuchekesha.

Miaka miwili iliyopita mtu alimkatia Jossie Brough liki zake, alfajiri ya siku ya maonyesho. Jossie alikuwa bingwa, na alikuwa mgonjwa, na kila mtu alijua kuwa ni mara yake ya mwisho. Akafa Novemba. Hatukumpata aliyefanya, na klabu nzima bado inatazamana kwa wasiwasi. Desmond halijui jambo hili. Enzi hizo simu alikuwa anapokea Mama, na Mama hakuwa akitoa mabaya ya mtaa kwenye simu.

Nikihesabu wiki tatu nyuma kutoka juma la maonyesho, Jumapili ninayoihitaji ni tarehe 22 Agosti.

Jumatano, 4 Agosti

Nimekunywa chai kwa Peggy, mjane wa Jossie. Yeye ndiye rafiki yangu. Mama alipokuwa kitandani, Peggy alikuja kila siku kufua, na hakuwahi kusema amefua. Leo alisema, "Juma lile la kasuku nililichoma gazeti, Nora. Ningekuwa na mkono mrefu ningemzaba huyo ndugu yako kofi kutoka hapa."

Ni yeye peke yake aliyetambua bila kuambiwa. Nilitaka kumwambia mpango wangu. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba namkinga.

Jumapili, 8 Agosti

Nimemlisha Desmond vitu vidogo vidogo. Hajatosheka.

Jumamosi, 14 Agosti

Mvua, hatimaye. Matty alisimama nje bila kofia kama ng'ombe.

Jumapili, 22 Agosti

Nimefanya.

Nataka kuliandika lilivyokwenda, bila kulipamba.

Nilianza kama nilivyopanga. Nikamwambia kuna mzee mmoja hapa, mwenye kofia bapa isiyotoka kichwani, alikuwa na liki bora kuliko zote, na alfajiri ya maonyesho mtu akaingia na kisu cha mkate akazikata zote.

"Ndiyo, lakini hiyo ya zamani, dada'ngu," akasema Desmond. Nilisikia akipiga miayo. "Kila mtu anajua hadithi za kukatiana liki. Kichekesho kiko wapi?"

Ni kama nilimwona akiiweka kalamu chini. Juma likapita mbele ya macho yangu, maonyesho yakapita, Desmond amesimama jukwaani na kombe, watu wanampigia makofi, na Mama ni kasuku milele. Mdomo wangu ukafunguka.

Nikamwambia habari ya sindano.

Nilikuwa nimeambiwa na Peggy, jikoni kwake, baada ya mazishi ya Jossie, na aliniambia kwa sababu ilikuwa inamkaba. Asubuhi ile Jossie aliziokota liki zake vipande vipande, akaziosha, akazileta ndani kwenye taulo. Akaziweka mezani akamwambia Peggy, "Kipenzi, hebu nishonee." Alikuwa hatanii. Homa ilikuwa imempanda kichwani. Na Peggy, badala ya kumwambia haiwezekani, alikwenda kuchukua kikapu chake cha kushonea, akatunga uzi wa kijani, akakaa na kitambaa chake cha madoa kichwani akaanza kushona. Alishona mpaka Jossie akasinzia.

Niliishia hapo. Kisha Desmond akaanza kucheka, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi.

"Uzi wa kijani," akasema. "Nora, wewe ni hazina."

Nilisikia kalamu. Nilirudi nyumbani nikala viazi na nyama yote.

Jumatatu, 23 Agosti

Sikulala vizuri. Ni radi.

Jumatano, 25 Agosti

Nimempitia Peggy mlangoni. Nikasema nina haraka.

Jumapili, 29 Agosti

Ningeweza kumwambia Desmond aitupe. Alisema bado anaipaka wino. Alisema ni juma zima, siku sita, kazi yake bora kupita zote. Niliufungua mdomo. Nikayakumbuka meno. Nikaufunga.

Ijumaa, 10 Septemba

Baridi ya kwanza asubuhi. Matty analala bustanini kuzilinda liki, na wanaume wengine vivyo hivyo, kila mmoja na chupa yake ya chai. Klabu ni tupu.

Jumatatu, 13 Septemba

Sep Gudgeon na kisu cha mkate, anamkatia jirani yake mzee liki zake.

Nilifungua duka saa tatu kamili. Mpaka saa nne hakuna aliyekuwa amecheka. Mzee Cuthbert alikuja na gazeti lake limekunjwa ndani kwa nje. "Nora," alisema, "wewe ulijua?" Nikasema mimi sioni katuni kabla ya wengine. Hilo ni kweli, na nililiteua kwa sababu ni kweli.

"Yule ni Jossie," alisema. "Amemchora na kofia yake ile ile."

"Desmond hajui mipaka, mzee. Hajawahi kujua."

Akatoka bila kununua kitu. Nilihisi joto tumboni, kama nimekunywa pombe kali. Nasema kweli: ilikuwa raha.

Jumatano, 15 Septemba

Bella Gudgeon anashona liki. Uzi umechapwa kwa kijani, ndiyo rangi pekee katika ukurasa mzima. Kichwani ana kitambaa cha madoa, kama anachovaa Peggy akifua.

Nilikwenda kwa Peggy baada ya kazi. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nikagonga. Nilimsikia akitembea ndani. Hakufungua.

Alhamisi, 16 Septemba

Klabu imekutana. Matty alirudi akavua viatu. Nikamuuliza wameamua nini.

"Hawatamfukuza. Aje, akabidhi kombe lake."

"Halafu?"

"Unajua halafu." Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake. "Ni ndugu yako, mpenzi. Mpigie simu umwambie asije."

"Nimpigie kwa nini?"

"Kwa sababu ukiacha aje, utakuwa umemtega."

Nimekosea kudhani Matty haoni. Anaona. Hasemi tu. Sikupiga simu.

Jumamosi, 18 Septemba

Jua zuri. Ukumbi wa klabu ulikuwa umefagiliwa, liki zimelazwa tatu tatu juu ya vitambaa vyeusi, nyeupe kama mishumaa, mizizi yake imechanwa kama ndevu. Harufu ya udongo na ya vitunguu ilikuwa imejaa mpaka darini. Wanawake tulikuwa upande wa mashine ya chai.

Desmond aliingia saa nane na koti lile lile, mpiga picha nyuma yake. "Jamani!" akasema kwa sauti. "Mambo, Cawburn!"

Watu zaidi ya mia mbili. Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyeguna. Wanaume waligeuka kila mmoja akaelekea liki zake, na ukumbi mzima ukawa migongo. Akacheka. Alidhani ni mzaha. Akamgusa mzee Cuthbert begani, na mzee akatoa leso akaifuta miwani yake. Akamwambia mmoja, akamwambia mwingine, akiwataja majina, majina ya utotoni, na sauti yake ikawa inazidi kufifia kwa kila jina. Mpiga picha aliishusha kamera.

Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu Juni na ilikuwa vile vile nilivyoiota. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa mtoto wa miaka kumi. Nikasema moyoni: Mama, tazama.

Kisha Peggy akatoka katikati yetu. Alipita karibu nami mpaka mkono wa gauni lake ukanigusa. Alikwenda akasimama mbele ya Desmond, mfupi, na koti lake la kanisani, na yeye peke yake katika ukumbi ule akasema naye.

"Nani alikwambia habari ya sindano?"

Desmond alimtazama, na nadhani ndipo alipomtambua, na kujua mzee yule alikuwa nani, na mwanamke wa uzi wa kijani ni nani. Halafu macho yake yakapita juu ya kichwa cha Peggy yakanikuta. Yakakaa. Aliielewa yote: Jumapili ya Agosti, na kabla yake kofia, na kabla yake kasuku. Mdogo wangu si mjinga. Nikasubiri aseme jina langu. Nilitaka alitaje. Nilikuwa na jibu langu tayari, nimelinoa wiki nyingi, na ukumbi mzima ungelisikia.

"Hakuna," akasema. "Nimebuni mwenyewe."

"Hukubuni."

"Ni kazi yangu, Bi. Brough. Nimebuni. Nisamehe."

Peggy akatikisa kichwa. "Mtu hawezi kubuni uzi wa kijani," akasema, bila hasira, kama anamsahihisha mtoto hesabu. Kisha akageuka, akaanza kututazama sisi wanawake mmoja mmoja, kuanzia mwisho wa meza. Aliponifikia hakwenda mbele zaidi.

Kombe lilikabidhiwa na mzee Cuthbert. Matty alishika nafasi ya nne. Hakungoja kupigwa picha. Alichukua kofia yake akamfuata Desmond nje, akamsindikiza mpaka stesheni mbele ya macho ya mtaa wote, wakiwa hawasemi kitu. Wakimgeuzia na yeye mgongo, basi na iwe. Ndivyo alivyoniambia.

Kwa hiyo nimeshinda. Naandika hapa ili nilione limeandikwa. Lakini hata jibu langu amenipokonya. Amenichukulia mama, halafu akanichukulia na kosa langu, akalivaa yeye, akaondoka nalo kama bwana.

Jumapili, 19 Septemba

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 20 Septemba

Siku ya supu. Baada ya maonyesho liki zote, hata za bingwa, hukatwa na kupikiwa wazee, na wanawake tunakaa jikoni mwa klabu asubuhi nzima tukimenya. Ni siku ninayoipenda kuliko zote katika mwaka. Hapo ndipo tunapoambiana ya mwaka mzima: nani ana mimba, nani anapigwa, nani ameota nini. Hakuna linalotoka nje ya mlango ule.

Nilivaa aproni yangu nikaenda. Walikuwa wakizungumza, wakanyamaza nilipoingia. Peggy alikuwa mwisho wa meza. Nilikwenda nikasimama mbele yake, na wote wakisikia, nikamwambia.

"Ni mimi niliyemwambia, Peggy. Nilitaka wamfanyie Desmond vile walivyomfanyia juzi ukumbini. Kwa ajili ya Mama."

Aliendelea kukata. Aliimaliza liki aliyokuwa ameishika mpaka kwenye majani.

"Ungeniomba," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ungekuja ukaniambia, Peggy, nataka kumkomesha huyu mbwa, nipe kitu. Ningekupa. Nilimchukia kama wewe. Ningekupa Jossie wangu, na sindano, na uzi, na ningesimama nawe pale ukumbini nimekushika mkono." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Lakini hukuniomba. Uliingia mwenyewe ukakata."

Hakuna aliyenyanyua macho. Nikavuta kiti, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikanyoosha mkono kuchukua liki moja kutoka kwenye lundo.

"Hapana, kipenzi," Peggy akasema. Akalisogeza karai la liki upande wake. "Hapa watu wanazungumza."

Nilivua aproni nikaikunja. Nilipokuwa nafunga mlango nyuma yangu kulikuwa kimya bado. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi, mvua inanipiga usoni, ndipo nikasikia mmoja wao ameanza, na mwingine akacheka, na sauti zao zikarudi zote.